Fisi wa Mwaka Juzi na Mkoba wa Michoro

(Ukurasa wa Mama Melania. Kila mahali palipoandikwa "Kitu" kwenye barua hii nimefuta jina lenyewe mimi. Sababu nimeieleza kwenye jibu. — M.)

Geita, Mei 1954

Mpendwa mshauri Mama Melania, shikamoo. Kalamu hii nimeishika mara nyingi nikaiweka, leo nimeamua naandika mpaka mwisho hata king'ora cha mgodi kikilia, naomba tu unisamehe mwandiko maana naandikia juu ya benchi la seremala na mwenzangu upande wa pili anapiga randa. Naitwa Donatus Masele, kwetu ni Segese, nina miaka ishirini na mbili, nafanya kazi kwenye karakana ya mgodi hapa Geita. Jina langu msilifiche, nikijificha nitajiona mwizi, na mimi sijaiba, ila nimefanya jambo ambalo hata sijui lina jina gani.

Mama, nataka kwenda kusoma kubuni. Sisemi natamani, nasema nataka, na nitakwenda. Kuna chuo ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, wanafundisha masomo ya mwanzo ya kubuni na kuchora, yaani unafundishwa kukifikiria kiti kabla hakijawa kiti, na chungu, na kitambaa, na ukifaulu mwaka ule wa kwanza ndipo unachagua njia yako. Habari hizo nilipewa na Mwalimu Gregory aliyenifundisha shule ya misheni, akawaandikia kwa niaba yangu, wakajibu kwamba cheti changu si kikubwa lakini watanipima kwa kazi ya mikono, nipeleke mkoba wa michoro ufike kabla ya mwisho wa Juni, na ndani yake kuwe na vitu nilivyovitazama kwa macho yangu au nilivyovibuni kwa kichwa changu, pamoja na michoro ile ya kujaribu jaribu, waone nilianzaje mpaka nikafika nilikofika.

Basi nikaanza. Nilinunua karatasi nzuri nyeupe na kalamu ya risasi, nikaazima kalenda ya dukani yenye picha ya meli, nikaichora meli na kila dirisha lake, nikamchora simba wa kwenye mkebe, nikamchora na yule mama wa kwenye boksi la sabuni na meno yake yote, kwa rula na kwa kupima, mpaka wenzangu wa karakana wakasema Donatus wewe si mtu wa kukaa hapa, na mimi kichwa kikavimba, Jumapili nikapanda lori nikampelekea Mwalimu Gregory. Akafunua karatasi mojamoja. Akauliza, "Meli hii uliipanda lini?" Nikasema sijawahi kupanda meli. "Na simba huyu mlikutana wapi?" Nikasema dukani. Akaufunga mkoba akanirudishia, akasema, "Donatus, kalenda wanazo huko." Nilirudi Geita juu ya magunia ya mtama.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Wewe ni mtu wa huku unafahamu, lakini kwa wasomaji wa mbali nieleze kwamba kwetu pamba ikishavunwa zinaanza ngoma za mashindano za vyama viwili, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mwamuzi hakuna, waamuzi ni watazamaji wenyewe, wakigeuka wakawakimbilia ninyi mmeshinda, wakiwaacha mmekwisha. Kwa hiyo kila mwaka ni lazima mtoe kitu ambacho hakijaonwa na jicho la mtu. Mjomba wangu Mabula, kaka yake mama, ndiye manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa Bagika kwetu, na anayemtengenezea vitu vyake ni mimi tangu nilipokuwa shuleni. Mwaka juzi nilimtengenezea fisi wa fito na ngozi ya ng'ombe, watu wawili wako ndani, mdomo unafunguka kwa kamba, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea, tukaukaza ukakataa, basi nikauacha ulegee nikaufanya uwe unajikuna, na uwanja mzima ukatujia. Mwaka jana nikatengeneza korongo wa kupiga mabawa. Lakini hivyo vimekwisha. Ngoma ikimalizika mjomba anavichoma moto na makaratasi yote niliyochorea, maana kwetu kitu kikishaonwa kimekufa, ukithubutu kukirudisha uwanjani watu wanakuzomea "Kiporo! Kiporo!" mpaka mlangoni kwako, kwa hiyo hivyo mimi sivihesabu kabisa. Kilicho hai ni cha mwaka huu tu.

Mwaka huu tunatengeneza Kitu. Mama, Kitu chenyewe (hapa nimefuta mistari minne. — M.) na mimi sijawahi kutengeneza jambo zuri namna hiyo tangu nizaliwe. Kila anayeingia kwenye nyumba tunamotengenezea anakunywa maji kwenye kibuyu kimoja na mjomba, anasema, "Nilichokiona kinabaki hapa mpaka siku yake." Na mimi nilikunywa, na nikasema.

Basi nilipotoka kwa Mwalimu Gregory nikafikiri, kitu nilichobuni kwa kichwa changu ni kipi? Nikaona ni kimoja tu. Nikaanza kukichora hapa karakanani wakati wa chakula, kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikijiambia kwamba chuo kiko ng'ambo ya maji, wale hawachezi ngoma, nani atajua. Siku ya tatu nikasikia mtu anapumua nyuma ya sikio langu. Ni Marselino, tunalala chumba kimoja, ni rafiki yangu kabisa, lakini kwao ni Bagalu. Akatazama, akatazama, kisha akaniuliza taratibu, "Na hapa shingoni mmefanyaje?" Nikaifunika karatasi kwa mikono miwili. Nikasema huu ni mchoro wa shule tu. Akacheka akaenda zake. Tangu siku ile kila tukikaa kula ugali ananiuliza, "Shingo haijambo?"

Mama, silali. Mjomba ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, alitoa ng'ombe wake mwenyewe nikasoma, hajawahi kunipiga hata kofi. Nikiipeleka michoro ya Kitu naona chuo watanichukua lakini nitakuwa nimetoboa siri ya mjomba kwa mkono wangu. Nisipoipeleka sina cha kupeleka ila meli na simba, nitabaki hapa kuchonga magogo ya kushikilia udongo huko chini shimoni mpaka nizeeke. Nikimwambia mjomba habari za Marselino atakivunja Kitu, na watu wameshona ngozi mpaka vidole vimetoka damu. Nisipomwambia, huenda Bagalu wakatangulia kutoa Kitu kama chetu, na sisi ndio tuitwe kiporo mbele ya watu. Nishike lipi niache lipi? Ila usiniambie niache chuo. Hilo sikuulizi.

Mwanao,
Donatus Masele

MAMA MELANIA ANAJIBU

Donatus, marahaba. Sikuambii uache chuo. Hilo tumelimaliza, tuendelee.

Lakini hebu kwanza tuelewane, kijana, una akili timamu wewe? Umekunywa maji kwenye kibuyu cha mjomba wako, umekula kiapo, unalalamika kwamba mtu mmoja amechungulia begani kwako, halafu unashika kalamu unaandika siri nzima, kiungo kwa kiungo, unaipeleka kwenye gazeti! Gazeti linalosomwa Mwanza na Tabora na Shinyanga, na huko huko Geita, linalosomwa kwa sauti gulioni kwa kila mwenye masikio mawili! Ama kweli. Nimenakili barua yako bila mistari ile, na karatasi yako mwenyewe nimeitia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Mhariri hajaiona. Mwenzako naye nimembadilisha jina, yeye hakuomba kuandikwa. Usirudie tena mchezo huo.

Nimekugombeza, sasa nikupe pole. Ninajua ni vigumu kukaa na jambo zuri kichwani halafu usimwonyeshe mtu. Na ninajua unavyompenda mjomba wako, imeonekana katika kila mstari. Ungekuwa mtu mbaya ungekwisha kuituma michoro ile zamani, na mimi nisingepata barua.

Haya. Kwanza, yule mama wa sabuni na meno yake mpe mwenzako wa karakana abandike ukutani kwake. Mwalimu Gregory alisema kweli na wewe umeelewa, sina la kuongeza.

Pili, na hapa nisikilize vizuri. Umeandika kurasa nne unalia kwamba huna cha kupeleka, na katikati ya kurasa hizo hizo umenieleza habari za fisi. Umempita fisi mbio kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake! Fito, ngozi, kamba ya mdomoni, watu wawili ndani, mguu uliolegea. Nani alimbuni fisi yule, ni kalenda? Halafu unasema, "Hivyo sivihesabu." Kwa nini huvihesabu? Kwa sababu ya kuogopa kuitwa kiporo! Donatus, baba, chuo hakichezi ngoma. Walimu wale hawatasimama uwanjani wakuzomee. Wao hawajamwona fisi wala korongo, na hata wangekuwa wamewaona, hawaulizi umeficha nini mwaka huu, wanauliza kichwa chako kinafanyaje kazi. Vitu vilivyokufa kwenye uwanja wa ngoma havijafa kwenye karatasi. Na hakuna kiapo juu yake, maana vimeonwa na Segese nzima, na waliotoka Kahama, na mbuzi waliokuwa wakipita.

Utaniambia michoro imechomwa. Najua imechomwa, umeandika. Basi mkono wako umechomwa pia? Kaa uchore upya. Panda lori uende Segese, watafute wale wawili waliokuwa ndani ya fisi, wakae mbele yako wakuonyeshe mmoja alishika wapi na mwingine alivuta nini, wachore na wao wakiwa wameinama jasho linawatoka. Chora fito zilipofungwa. Chora kamba ilipopita. Chora na mdomo ule wa kwanza ambao haukufunguka, maana nina hakika kulikuwa na mdomo wa kwanza ambao haukufunguka. Usioshe, usipige rula, usinyooshe kilichopinda. Wamekuomba michoro ya kujaribu jaribu, wewe ukawaandalia meli isiyo na doa. Karatasi za saruji zinatosha kabisa. Na mguu ule uliolegea, uchore peke yake, karatasi nzima, kabla na baada. Ukiweka kitu kimoja tu kwenye mkoba wako kiwe ni mguu ule. Korongo naye mweke nyuma ya fisi. Kisha chora kitu kimoja cha karakanani, randa yako au benchi lako linalotikisika, ukitazama kwa macho, ili wajue unaweza kutulia. Basi. Funga, peleka posta, na uhakikishe ni kabla ya katikati ya Juni, meli haingoji mtu wa Segese.

Michoro ya Kitu usiitume. Hata mmoja. Hata kwa kuubadilisha kidogo. Ulikunywa maji ukasema neno, na neno lile ulilisema wewe, hukulazimishwa. Mwaka ujao Kitu kitakuwa kimekufa kama fisi, utakichora unavyotaka, utawapelekea walimu wako wakiwa wameshakujua.

Tatu ni Marselino, na hapa sitakuchekea. Wewe unataka nikwambie jinsi ya kumfunga mdomo. Humfungi. Marselino hakunywa kwenye kibuyu chenu, hana kiapo na mtu, alipita nyuma yako akaona kitu kimeachwa wazi juu ya benchi. Akiwaambia wenzake ana haki, na asipowaambia ni hisani yake. Kosa ni lako lote, na linatoka mdomoni mwako kwenda sikioni mwa mjomba wako, si kwa barua wala kwa kumtuma mama akusemee. Utafika asubuhi, utamwamkia, utakaa chini, utasema, "Mjomba, nimekichora Kitu mahali pa wazi, na mtu wa Bagalu amekiona." Maneno hayo tu. Usianze na chuo. Usianze na habari za kulelewa na machozi. Chuo kitakuja baadaye, akishamaliza kukasirika, na atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake na umri wake.

Na ujue nimekubana. Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza, na mhariri nimemwomba alishike wiki mbili ndipo alichape. Ulisema jina lako lisifichwe, halikufichwa. Siku gazeti hili litakaposomwa gulioni Segese, mjomba wako awe amekwisha kusikia kwako. Akisikia kwa msomaji wa gulioni, usiniandikie tena, maana sitakuwa na dawa.

Unaogopa kwamba atakivunja Kitu. Labda. Lakini wewe ndiye mtengenezaji, si kazi yako kusimama pembeni ukiangalia kinavunjwa. Fisi mguu ulipolegea ulifanyaje? Ulilia? Uliutupa? Umeniandikia mwenyewe kwa mistari miwili kana kwamba si lolote: ukauacha ulegee, ukaufanya ujikune. Sasa siri imelegea. Haikazwi tena. Basi keti na mjomba wako, mtazame zile mbavu mlizokwisha kuzifunga na ngozi mlizokwisha kuzishona, mfikirie mbavu hizo hizo zinaweza kuwa nini kingine kabla ya Julai. Bagalu wakingoja shingo, wapeni kitu kisicho na shingo kabisa. Hilo ndilo somo unalotaka kuvuka ziwa kwenda kujifunza, na mtihani wake umekukuta nyumbani. Ukimwendea mjomba na kosa peke yake umemletea msiba. Ukimwendea na kosa na fikra mpya mkononi, atakugombeza huku anasikiliza.

Sasa nikueleze jambo ambalo ungetakiwa kuliuliza kabla hujaniandikia, wewe usiyeuliza. Mimi nimezaliwa Bagalu, nimeolewa Bagalu, na mume wangu ni mpiga ngoma wa Bagalu. Ndiyo. Siri ya Kitu chenu umeileta nyumbani kwa wapinzani na stempu ukabandika mwenyewe. Tulia, sijamwambia mume wangu. Ameniona nacheka peke yangu jikoni siku mbili, ameuliza, nimemwambia nimekumbuka marehemu bibi.

Na mwaka juzi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya wachezaji wetu nimebeba mtungi wao wa maji, sisi tumewazidi kabisa, watu wote kwetu, mavumbi juu, mume wangu anapiga mpaka mishipa imemsimama. Ndipo upande wenu akatoka fisi. Akafungua mdomo, sikugeuka, nimeshaona midomo mingi. Akatembea, sikugeuka. Kisha akasimama katikati ya uwanja, akakaa kitako kama mtu wa nyumbani, akajikuna sikio. Donatus, niliuweka mtungi chini nikakimbia. Nilikimbia na uwanja mzima, mtu mzima mimi, kanga inaburuta. Mume wangu alipoinua macho alikuwa anawapigia ngoma mbwa wawili. Mpaka leo nyumbani kwetu fisi hatajwi wakati wa chakula.

Miaka miwili nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyefikiria kumfanya yule mnyama ajikune. Nilidhani ni mzee fulani mwenye dawa za ngoma. Kumbe ni kijana wa karakana aliyeshindwa kukaza mguu, na hata fisi wake mwenyewe hamhesabu.

Kwa hiyo nenda Segese. Mwambie mjomba. Chora fisi. Mkoba uvuke ziwa. Kisha Julai njoo uwanjani na hicho kipya, chochote kitakachokuwa. Mimi nitakuwa upande wangu na mtungi wangu, na mume wangu ameshaniapisha kwamba mwaka huu sigeuki. Njoo unigeuze.